Ijumaa, Siku ya Mji

Mwaka 1331 msafiri wa Tangier, Ibn Battuta, alishuka Kilwa Kisiwani na kukuta mji uliompendeza kuliko mingi aliyoiona. Mtawala wake alikuwa Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimbandika jina la Abul-Mawahib, mtu wa kutunuku, kwa kuwa mkono wake haukujua kufumba. Ijumaa moja sultani alikuwa ametoka kusali, anarudi kwake, fakiri mmoja wa Kiyemeni akamkabili njiani na kumwomba nguo alizovaa. Hakuomba pesa wala chakula. Alizitaka nguo zilizokuwa mwilini, na alizitaka papo hapo. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, kisha akamwita yule fakiri aje achukue zake.

Watu wakasifu mno. Mwana wa sultani, mrithi wa kiti, akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi mji ulivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anakisimulia kisa hiki kama ushahidi wa ukarimu. Juu ya watumwa ishirini waliobadilishwa mikono kwa sababu ya nguo hizo, kalamu yake haina neno.

Fakiri yule, hata hivyo, alikuwa mjuzi wa mambo. Alichagua siku, akachagua saa, akachagua na mlango. Siku nyingine angelazimika kuwapita walinzi na mawaziri kabla ya kuuona uso wa mtawala. Ijumaa mchana mtawala hutembea kwa miguu katikati ya watu wake, mji mzima unamtazama, na kumnyima mwombaji mbele ya macho hayo ni aibu ambayo haifutiki kwa wiki moja. Tangu enzi hizo, Ijumaa ya Mwambao imekuwa siku ya kuonekana. Aliyeko huonekana kuwa yuko, asiyekuwapo huulizwa habari zake, mwenye cheo hukaa mahali ambapo hata mchukuzi wa bandarini anaweza kumwona.

Ibn Battuta alikuwa ameliona jambo hilo hata kabla ya Kilwa. Alipofika Mogadishu alikaa siku tatu akiletewa chakula nyumbani, na siku ya nne, Ijumaa, kadhi na waziri mmoja wakaja na mavazi: futa ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba. Mgeni hawezi kwenda Ijumaa na vumbi la safari. Baada ya sala sultani wa mji alitembea hadi kwake, ngoma na tarumbeta zikipigwa, na juu ya kichwa chake wakabeba vivuli vinne vya hariri, kila kimoja na ndege wa dhahabu kileleni. Watu wote walitembea pekupeku. Sultani, kadhi na mgeni peke yao ndio walioruhusiwa viatu.

Fahari hiyo yote imejengwa juu ya ibada fupi mno. Sala ya Ijumaa ni rakaa mbili tu badala ya nne za Adhuhuri, na hotuba mbili kabla yake. Sura ya 62 ya Kurani inawaagiza waumini waache biashara wanaposikia mwito, na aya inayofuata inawaambia wakimaliza watawanyike wakatafute riziki. Hakuna amri ya kulala kutwa, wala ya kufunga duka tangu asubuhi. Ijumaa ya asili haikuwekwa iwe siku ya mapumziko, na mwenye kuifananisha na Jumapili ya wamisionari anakosea tangu hatua ya kwanza. Mapumziko ni jambo la mtu na nyumba yake. Ijumaa ni ya umma, na haisihi bila umma.

Umma huo una idadi. Waislamu wengi wa Mwambao ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi sala ya Ijumaa haifungwi mpaka wapatikane wanaume arubaini, watu wazima, wakazi wa mahali hapo. Hoja yao kubwa ni habari ya Asad bin Zurara, aliyewasalisha watu arubaini Madina kabla Mtume hajahamia huko mwaka 622. Wageni wa njiani hawaingii katika hesabu, hata wawe mia. Kwa hiyo kijiji cha wavuvi chenye wanaume thelathini kilikuwa na msikiti, lakini hakikuwa na Ijumaa. Wanaume wake walivuka maji au kukata mashamba kwenda kusali kwenye mji ulio karibu. Kuwa na Ijumaa yenu wenyewe kulimaanisha kwamba nanyi sasa ni mji.

Na mji uwe na msikiti mmoja wa Ijumaa, si zaidi, isipokuwa pakiwa na dharura. Mji Mkongwe wa Zanzibar una misikiti karibu 50, mingine midogo kiasi cha kupitwa bila kutambulika, lakini zamani mingi ilikuwa ya sala tano tu. Siku ya Ijumaa waumini waliiacha misikiti ya mitaa yao wakaelekea ule wa Ijumaa. Mtu wa Shangani akakaa goti kwa goti na mtu wa Malindi. Shela, karibu na mji wa Lamu, walijenga msikiti wao wa Ijumaa mwaka 1829 na kuuwekea mnara unaoonekana kutoka baharini. Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ingawa sehemu kubwa ya jengo lenyewe ni ya baadaye sana. Ijumaa bado inasaliwa humo.

Sharti la msikiti mmoja limezaa ugomvi usiokwisha. Miji ilipopanuka, mitaa ikataka Ijumaa zake, na wanazuoni wakajiuliza: kama misikiti miwili inasali Ijumaa katika mji mmoja, ni upi uliosihi? Waangalifu wakasema mtu asali Ijumaa, kisha aongeze Adhuhuri kwa tahadhari. Wengine wakasema kufanya hivyo ni kumzidishia Mungu sala asiyoiamrisha. Uganda, kati ya vita viwili vya dunia, Waislamu wa Buganda waligawanyika makundi kwa suala hilo: walioitwa Juma waliona sala ya Ijumaa inatosha, na walioitwa Juma-Zukuli wakasali zote mbili. Mgawanyiko uliingia katika misikiti, katika uongozi na katika ndoa. Rakaa nne zilikuwa sababu, lakini nyuma yake lilikuwapo swali la nani ana haki ya kuusemea umma.

Saa za Ijumaa hazianzi alfajiri. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo Waswahili wameirithi, siku mpya huingia jua likitua, hivyo Alhamisi baada ya Magharibi tayari ni usiku wa Ijumaa. Huu ndio wakati wa wafu. Nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu husoma Yasini kwa ajili ya waliotangulia, majina yakitajwa moja moja, babu mzaa baba, bibi mzaa mama, mjomba aliyezama na jahazi. Wapo wazee wanaoamini kwamba roho za wenye nyumba hurudi usiku huo kuangalia kama zinakumbukwa, na kwamba roho iliyokuta ukimya huondoka kwa huzuni. Wanazuoni wa kisasa hukunja uso wakisikia hayo. Chetezo huwashwa vivyo hivyo, ubani ukapitishwa chumba hadi chumba. Misikitini husomwa maulidi au ratibu ya Haddad, na penye zawiya za tarika ya Kadiria dhikiri huendelea hadi usiku.

Asubuhi ni ya mwili na nguo. Kuoga siku ya Ijumaa ni suna iliyotiliwa mkazo, pamoja na kukata kucha, kupiga mswaki na kujitia manukato. Kanzu iliyofuliwa tangu katikati ya wiki, ikatiwa buluu ili weupe wake usigeuke manjano, hupigwa pasi. Kofia ya viua hutolewa. Kofia hizi hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa wiki na miezi, na bei ya iliyo nzuri humfanya kijana afikiri mara mbili. Hivyo mtu huwa na ya kila siku na ya Ijumaa. Mzee wa Lamu huongeza koti juu ya kanzu na bakora mkononi hata kama miguu yake haina tatizo lolote. Kusema kweli, kuna majivuno kidogo katika yote haya, na hakuna anayeyaona kuwa dhambi.

Wavuvi wengi wa Mwambao hawaendi baharini Ijumaa kabla ya sala. Ngalawa hukaa mchangani, nyavu hushonwa.

Jikoni mambo ni mazito zaidi. Biriani au pilau ya Ijumaa imekuwa desturi Zanzibar na Mombasa kiasi kwamba hata mikahawa isiyopika biriani siku nyingine huipika siku hiyo, na anayechelewa hukuta sufuria limekwanguliwa. Biriani ya Mwambao haichanganywi mapema: sosi yenye nyama, mtindi, vitunguu vya kukaanga na masala huwa upande wake, wali wenye zafarani upande wake, na vyote hukutana sahanini. Wali hupaliwa makaa juu ya kifuniko ili ukauke taratibu. Pembeni kachumbari, achari ya embe, na ndizi mbivu kwa wanaopenda. Wanaume wanapokuwa wamekaa kusikiliza hotuba, wanawake walio nyumbani husali Adhuhuri yao ya kawaida huku chakula kikipaliwa, kwa maana sala ya Ijumaa haikuwajibishwa kwao. Misikiti mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi sasa ina sehemu za wanawake, na siku ya Ijumaa hujaa. Nani anapalia wali katika nyumba hizo ni habari ambayo wahubiri hawaigusi.

Kuwahi kuna daraja zake. Hadithi mashuhuri inasema anayefika msikitini saa ya kwanza ni kama aliyetoa sadaka ngamia, anayefuata ng'ombe, kisha kondoo, kisha kuku, na wa mwisho yai. Khatibu akishapanda mimbari, malaika hufunga daftari zao wakasikilize. Kwa kipimo hicho, miji ya leo imejaa watu wa yai. Adhana ya kwanza huwakuta wengi wakiwa bado ofisini au sokoni, na ya pili, ile inayoadhiniwa khatibu akiwa ameketi mimbarini, huwakuta wakivua viatu mlangoni. Adhana hizi mbili nazo zina historia yake: ile ya ziada iliwekwa na Khalifa Uthman baada ya Madina kupanuka na watu kuwa mbali na msikiti.

Kisha kimya. Khatibu akianza, hata kumwambia jirani anyamaze huhesabiwa kuwa upuuzi. Simu inayolia wakati huo haina wa kuikaripia, na mwenye simu huteseka peke yake, akipapasa mfukoni huku safu nzima ikimsubiri.

Kwa karne nyingi hotuba hiyo ilisomwa kwa Kiarabu kutoka kwenye vitabu, na wasikilizaji wengi waliondoka na thawabu bila kuondoka na maana. Karne ya 20 ililibadili hilo polepole. Wanazuoni wa mageuzi walitaka dini ifahamike kwa lugha ya watu, na aliyetangulia mbele kati yao alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Siku hizi misikiti mingi huhutubu kwa Kiswahili na kuziacha nguzo zenyewe kwa Kiarabu: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume, usia wa uchamungu, aya na dua. Mingine imeibakiza hotuba yote kwa Kiarabu na kuitanguliza kwa mawaidha ya Kiswahili. Lugha ilipobadilika, mada zilibadilika pia. Bei ya unga, mirathi ya mayatima, dawa za kulevya mitaani na uchaguzi vikapanda mimbari.

Ndiyo maana watawala hawajawahi kuipuuza Ijumaa. Katika dola za Kiislamu, jina la mtawala kutajwa katika hotuba lilikuwa sawa na kiapo cha utii, na kuliacha ilikuwa dalili ya uasi. Dola za leo za Afrika Mashariki hazitajwi mimbarini, ila zinaisikiliza mimbari kwa makini. Ijumaa ya Februari 13, 1998, msikiti wa Mwembechai jijini Dar es Salaam ulikuwa kitovu cha mapambano kati ya polisi na Waislamu, na watu wakapoteza maisha. Ijumaa ya Januari 26, 2001, siku moja kabla ya maandamano ya chama cha upinzani cha CUF, polisi walifyatua risasi kwenye msikiti wa Mwembetanga mjini Zanzibar, na imamu akawa miongoni mwa waliouawa. Umati ukikusanyika kila wiki, saa ile ile, mahali pale pale, bila kibali cha mtu, serikali yoyote itakuwa na wasiwasi nao.

Mtawala mwenye busara huenda kukaa ndani yake. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi, tangu aingie madarakani Novemba 2020 amekuwa akisali Ijumaa katika misikiti tofauti ya Unguja na Pemba, mjini na mashamba, na baada ya sala huzungumza na waumini. Msikiti wa kijiji hupata wageni, hupata kamera, na aghalabu hupata ahadi. Fakiri wa Kiyemeni angejua la kufanya.

Ahadi za rais ni za siku moja moja. Masikini wa kawaida wana ratiba yao. Kariakoo na Kisutu jijini Dar es Salaam, na mitaa ya biashara ya Mombasa, Ijumaa asubuhi hupita makundi ya ombaomba duka kwa duka, vipofu wakishikwa mkono na watoto, na wenye maduka, Waislamu na wasio Waislamu, huwa wamekwisha kuchenji sarafu. Hakuna anayeomba kwa maneno mengi. Anayepita ananyoosha mkono, anayekaa kaunta anatoa, foleni inasogea. Mamlaka za mji zimewaondoa ombaomba barabarani mara nyingi, na mara nyingi wakarudi, kwa sababu utaratibu huu hauendeshwi na waombaji peke yao. Mwenye duka naye anaihitaji Ijumaa yake.

Watu wakitoka, barabara hugeuka gulio. Misuaki, tende, haludi, kofia, kaseti zamani na sasa memori kadi za mawaidha, dawa za asili zenye maelezo marefu, yote hutandazwa kwenye turubai nje ya uzio wa msikiti. Gazeti la An-nuur, linalotoka siku hiyo, limeuzwa hapo kwa miaka. Na kwenye vibanda vya jirani, kwa muda mrefu, likauzwa pia gazeti la udaku lililojiita Ijumaa, likiwa na picha ambazo mtu mwenye kanzu hakuzitazama zaidi ya mara moja, au aliyejali jina lake hakuonekana akizitazama.

Alasiri ni ya akdi. Nikaha nyingi za Zanzibar hufungwa Ijumaa, kwa kuwa watu tayari wameoga, wamevaa na wako mjini. Halua na kahawa chungu huzungushwa, na shughuli inakwisha kabla ya Magharibi. Mtoto akizaliwa siku hiyo huenda akaitwa Juma, Jumaa, Mwanajuma au Mwajuma, majina yaliyosambaa bara hadi kwenye familia zisizojua tena yalikotoka.

Hesabu ya wiki yenyewe imefungwa kwenye siku hii, kwani Jumamosi, ya kwanza, ni ya kwanza baada yake. Haikuwa hivyo daima. Mabaharia na wakulima wa Mwambao walikuwa na mwaka wa jua, ulioanza Nairuzi na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na miongo hiyo haikupimwa kwa Ijumaa. Makunduchi bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Nyuma ya Mombasa, Wamijikenda walikuwa na wiki ya siku nne, na siku isiyolimwa iliitwa jumwa, jina ambalo wasichana wa Kigiriama wangali wakipewa. Na Kiswahili kilipofika Katanga, mbali na misikiti, wiki ilihesabiwa kuanzia Jumatatu ya kazi: Ijumaa ikawa siku ya tano tu, na iliyopewa heshima ni Jumamosi, siku ya posho, ambapo wafanyakazi waligawiwa chakula chao.

Wakristo wa Afrika Mashariki nao wana Ijumaa Kuu, sikukuu ya kitaifa Kenya, Tanzania na Uganda, na ndiyo Ijumaa pekee ambayo kila mwaka ofisi zote hufungwa kutwa. Ijumaa nyingine serikali za eneo hili huzitambua kwa saa kadhaa tu. Wiki ya kazi ya Zanzibar, visiwa ambavyo karibu wakazi wake wote ni Waislamu, inamalizika kwa Jumamosi na Jumapili, na mwenye shida na ofisi ya serikali Ijumaa afike kabla ya saa sita au asubiri hadi Jumatatu.

Ghuba wamekuwa wakiisogeza siku hii huku na huko. Umoja wa Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, umehamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili, ofisi za serikali zikifanya kazi Ijumaa hadi saa sita mchana na sala, hadi mwisho wa 2025, ikisaliwa saa saba na robo nchi nzima. Sharjah peke yake ikaibakiza Ijumaa na kuwa na siku tatu. Oman, wanakoishi maelfu ya Waswahili wenye asili ya Zanzibar, ilipumzika Alhamisi na Ijumaa hadi 2013, ikahamia Ijumaa na Jumamosi. Kwa ndugu wenye kazi walioko Muscat na Unguja, siku pekee ambayo pande zote mbili ziko nyumbani sasa ni Jumamosi.